Mzizi gani, kiasi gani, tangu saa ngapi?



Mwezi uliopita, baada ya likirimba yetu, mama mmoja alifungua kitambaa chake akatoa vipande vya mizizi. Vilinukia vizuri sana, chumba kizima kikajaa harufu. Kila mmoja akataka kujua ni dawa ya nini. Huyu akasema ya tumbo, yule ya mgongo, mwingine ya mtoto asiyelala usiku. Tulikuwa wamama kumi na wawili, na majibu yalifika saba. Nilinyamaza, kwa sababu harufu ile ilinikumbusha jambo la nyumbani kwangu ambalo sijawahi kuliandika hapa. Leo naliandika.

Miaka miwili iliyopita, mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi saba. Alianza kuhara usiku. Asubuhi jirani mwema aliniletea mzizi wenye harufu tamu, akasema kwao milimani wanawapa watoto. Niliuosha, nikauchemsha mpaka maji yakawa mekundu, nikampa mtoto vijiko kadhaa, halafu vingine saa sita mchana. Alasiri mtoto alilegea. Nilimwita, macho yakafunguka kidogo yakafunga tena. Nilipanda pikipiki naye mgongoni mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alinipokea vizuri. Alimgusa mtoto, akatazama macho na mdomo, kisha akaniuliza maswali matatu: “Mwalimu, umempa mzizi gani? Kiasi gani? Tangu saa ngapi?”

Sikuweza kujibu hata moja. Jina la mzizi sikulijua. Kiasi sikukipima. Saa sikuitazama. Mimi ambaye kila siku nawaambia watoto wa shule waandike tarehe juu ya daftari! Mungu alisaidia, mtoto alipewa maji ya chumvi na sukari, akalazwa, na siku ya pili akanyonya. Hadi leo sijui kama alilegea kwa sababu ya kuhara au ya mzizi. Yule muuguzi pia hakuweza kujua, kwa kuwa mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile nilianza kusoma na kuuliza: ndani ya mzizi kuna nini hasa?

Wamama wa muhogo tayari wanajua kemia

Tusiogope neno kemia. Kila mama wa hapa Kyavinyonge anayetayarisha unga wa muhogo anafanya kazi ya kemia, hata kama hajakaa darasani.

Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini. Mzizi ukiwa mzima, kitu hicho kimetulia. Ukiukata, ukiuponda au ukiuloweka, linamarini inakutana na kitu kingine kilichomo ndani ya muhogo wenyewe, inavunjika, na sumu ya sianidi inatoka. Ndiyo maana tunaloweka siku kadhaa, tunaanika juani, tunatwanga. Sumu inakwenda na maji na hewa, kinabaki chakula.

Pale watu wanapofupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa au haraka, na hawana samaki wala maharagwe ya kula pamoja na muhogo, ugonjwa wa konzo unaingia. Miguu inakakamaa ghafla na haiponi. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 baada ya kuuona Kwango, magharibi ya nchi yetu. Wanaopata zaidi ni watoto na wamama walio katika umri wa kuzaa.

Kwa hiyo mzizi mmoja unaweza kuwa chakula au sumu, kufuatana na jinsi ulivyotayarishwa. Tukilikubali hilo kwa muhogo, tulikubali pia kwa mizizi ya dawa.

Kwa nini mizizi inanukia?

Mmea hauwezi kukimbia. Wadudu, ukungu na wanyama wanaufuata pale ulipo. Basi unatengeneza silaha zake: vitu vikali, vichungu, au vyenye harufu. Vingi vinawekwa chini ya udongo, mahali mmea unapotunza akiba. Tunachokiita harufu ni vitu vyepesi vinavyoruka hewani mpaka puani. Vile vizito haviruki, vinabaki ndani ya mzizi au vinaingia ndani ya maji tunayochemsha.

Hapo kuna somo la kwanza la jikoni: ukichemsha tangawizi sufuria ikiwa wazi, nyumba itanukia vizuri, lakini harufu hiyo ni mafuta yanayokimbia. Funika sufuria.

Somo la pili ni kubwa zaidi: harufu si kipimo cha nguvu. Katika misitu ya Afrika, pamoja na Kongo, unaota mti ambao wataalamu wanauita Rauvolfia vomitoria. Mizizi yake hainukii kama tangawizi, lakini ndani yake mna reserpini, kitu kilichotumiwa hospitalini kushusha presha ya damu. Mtu akinywa nyingi, presha inaanguka, na anaweza kulala usingizi mzito. Pua haiwezi kukuonya juu ya hilo.

Tangawizi, rafiki tunayemjua

Tuanze na ile iliyo katika kila nyumba. Walimu tunasema tangawizi si mzizi kamili, ni shina linalolala chini ya udongo. Itazame: ina vifundo na macho yanayochipua. Lakini sokoni ni mzizi, na leo tuiache iwe mzizi.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na jinjeroli. Ukiikausha, sehemu ya jinjeroli inapoteza maji na kugeuka kuwa shogaoli, jina lililotoka kwenye neno la Kijapani la tangawizi. Shogaoli ni kali kuliko jinjeroli. Ukiipika sana, jinjeroli nyingine inageuka kuwa zinjeroni, ambayo ni laini na tamu kidogo. Ndiyo maana tangawizi ya unga inachoma koo, na ile iliyopikwa ndani ya mchuzi wa samaki imetulia. Ni mmea uleule, lakini kinachoingia tumboni kimebadilika. Kijiko cha unga mkavu hakilingani na kijiko cha tangawizi mbichi.

Inasaidia nini? Utafiti uliofanywa kwa wamama wajawazito umeonyesha kwamba tangawizi inaweza kupunguza kichefuchefu cha miezi ya kwanza. Kiasi kilichotumiwa mara nyingi ni kama gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku nzima, yaani kama nusu ya kijiko kidogo. Si mtungi. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au anayengoja kupasuliwa, amwambie muganga kwamba anakunywa tangawizi. Na tangawizi haitibu malaria. Inaweza kutuliza tumbo la mgonjwa, lakini vijidudu vinabaki ndani ya damu vikiendelea na kazi yao.

Manjano na majivu

Manjano ni ndugu wa tangawizi. Rangi yake inatokana na kurkumini. Watu wengi wanachemsha manjano na maji wakitegemea dawa, kumbe kurkumini haipendi maji. Inakubali mafuta, na hata hivyo mwili unapokea kidogo tu. Pilipili manga ina kitu kinachoitwa piperini, ambacho kinasaidia kurkumini kuingia. Mama anayekaanga manjano kwa mafuta pamoja na pilipili manga anafanya vizuri kuliko anayeyachemsha peke yake.

Fanyeni jaribio hili na watoto wenu Jumamosi. Pakeni maji ya manjano juu ya karatasi nyeupe, iache ikauke. Dondosheni juu yake maji ya majivu au ya sabuni. Karatasi itageuka nyekundu kama kutu. Kisha kamueni ndimu juu yake, manjano yatarudi. Mtoto akiuliza sababu, mwambieni kwamba kitu kilicho ndani ya mmea kinabadilika kufuatana na kile kinachokutana nacho. Ndani ya tumbo ni vilevile.

Mzizi wenye harufu ya vanila

Sasa turudi kwenye harufu tamu ya ile likirimba. Kuna mmea wa kutambaa unaoota katika misitu ya nchi nyingi za Afrika, jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei. Waganda wanauita mulondo, na magharibi mwa Kenya, upande wa Kakamega, wanauita mukombero. Watu wanatafuna mizizi yake au wanaiweka ndani ya chai. Wanaume wanautafuta kwa sababu zao wanazozijua, ingawa majaribio mengi juu ya jambo hilo yamefanywa kwa panya.

Harufu yake ni kama ya vanila, ile vanila inayolimwa huku kwetu upande wa Beni na Butembo. Kitu kinachonukia ndani ya vanila kinaitwa vanilini. Kile cha Mondia kina jina refu: 2-hidroksi-4-methoksibenzaldehidi. Hesabu ya vipande vyao ni moja: kaboni 8, hidrojeni 8, oksijeni 3. Tofauti ni mpangilio tu.

Darasani naeleza hivi: chukua herufi nne, L, I, M, A. Ukizipanga hivi unapata “lima”. Ukizipanga vingine unapata “mali”. Herufi ni zilezile, lakini maneno mawili. Katika kemia, mpangilio ukibadilika, tabia inabadilika. Pua inaweza kudanganyika, ini na figo hazidanganyiki.

Sisemi kwamba Mondia ni mbaya, wala kwamba ndio mzizi niliompa mtoto wangu. Nasema kwamba harufu ya vanila peke yake haiwezi kukuambia umeshika mzizi gani.

Wamama wa Bruxelles

Msidhani kosa hili ni la watu wa kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, wamama waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vilivyochanganywa na mimea ya Kichina. Mzizi uliotakiwa ulikuwa wa mmea unaoitwa Stephania tetrandra. Badala yake ukaingia mzizi wa Aristolochia fangchi. Kwa Kichina majina ya mizizi hiyo miwili yanakaribiana sana, na mizizi yenyewe ikishakuwa unga hakuna anayeitofautisha kwa macho.

Ndani ya Aristolochia mna asidi ya aristoloki, ambayo inaharibu figo. Mwaka 1993 waganga wa huko walitangaza wagonjwa wa kwanza. Baadaye hesabu ilifika karibu wamama 100. Wengi figo zao zilikufa kabisa, na baadhi walipata kansa ya njia ya mkojo miaka mingi baada ya kuacha vidonge. Hawakuhisi maumivu siku ya kwanza wala juma la kwanza. Sumu nyingine hazipigi kelele.

Kama hilo lilitokea katika mji wenye hospitali na maabara, kwa sababu ya majina mawili yanayofanana, sisi je? Hapa mmea mmoja una jina la Kinande, jina la Kiswahili na jina la Kilingala. Na jina moja linaweza kuitwa mimea miwili, moja milimani na nyingine huku chini ziwani. Wamama wanaokimbia vita upande wa Beni wanafika na maarifa ya kwao, lakini mimea waliyoizoea imebaki nyuma. Wanatafuta inayofanana.

Mavyala aliniambia nini

Mtoto alipotoka kituoni, mavyala wangu alikuja kututembelea. Nilimwonyesha kipande kilichobaki. Alikinusa, akakivunja, akatazama ndani. Kisha akasema: “Mwanangu, huu kwetu ulikuwepo. Lakini haukupewa mtoto asiye na meno. Na mtu mzima tulimpimia kwa kidole, mpaka kiungo cha kwanza tu.”

Nilikaa kimya. Nyanya zetu hawakuwa na mizani, lakini walikuwa na kipimo. Walikuwa na mipaka: nani apewe, nani asipewe, siku ngapi, na lini kuacha. Sisi tuliokota mzizi, tukaacha kipimo chake njiani. Aliyenipa alisikia kwa mwingine, na huyo mwingine alisikia sokoni.

Tazameni hesabu hii rahisi. Mama ana kilo 63, mtoto ana kilo 7. Mtoto anaingia mara 9 ndani ya mama yake. Kikombe kimoja ndani ya tumbo la mtoto ni kama vikombe 9 ndani ya tumbo lako. Zaidi ya hapo, ini na figo zake bado hazijakomaa, haziwezi kusafisha haraka kama zako. Kipimo ndicho kilichotenganisha gome la kinkina na kidonge cha kwinini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kwinini ndani ya gome, na tangu hapo ikawezekana kujua mgonjwa anameza kiasi gani. Kinkina inalimwa hapa Kivu mpaka leo. Mti ni uleule, lakini kidonge kina miligramu zilizoandikwa.

Tufanye nini nyumbani?

Sijaja kuwaambia mtupe mitishamba. Mimi mwenyewe nakunywa tangawizi asubuhi, baridi ya ziwani ikiwa kali. Ila katika nyumba yangu sasa tuna desturi hizi, na nawaomba mzifikirie.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi mzizi wowote, wala maji. Maziwa ya mama yanatosha. Na asipigwe lavema ya tangawizi wala ya pilipili kwa pwari. Ngozi ya ndani ya mtoto ni laini, inaungua, na kinachopita huko kinaingia damuni haraka.

Mtoto akihara, kinachomuua ni kupoteza maji. Kama hamna pakiti ya kituoni, chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visirundikwe. Koroga, mpe kidogo kidogo, na endelea kunyonyesha. Akilegea, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akiwa na macho yaliyoingia ndani au akishikwa na degedege, usingoje mzizi wala jioni. Twende kituoni.

Mama mjamzito asinywe mizizi ya kuharakisha uchungu. Mimea mingine inakaza tumbo la uzazi kwa nguvu isiyoweza kupimwa, mtoto anakosa hewa, na tumbo la uzazi linaweza kupasuka.

Usichanganye dawa ya kituo na mzizi bila kusema. Na usinunue mzizi uliosagwa tayari, maana unga hauna uso.

Mizizi ya Parc tuiache. Parc ya Virunga inalindwa na sheria tangu 1925, na wote tunajua hatari ya kuingia mle: viboko, watu wenye silaha, kukamatwa. Tena ukichimba mzizi wote, mmea umekufa, na mtoto wako hataukuta. Kule Kakamega walipoona mukombero unakwisha msituni, wakulima walianza kuupanda mashambani mwao. Nasi tunaweza kuanza na tangawizi. Kipande chenye jicho moja au mawili kinawekwa ndani ya gunia la udongo mwepesi wenye samadi, mahali penye kivuli kidogo. Baada ya miezi 8 hadi 10 unavuna, na unajua kwa hakika umepanda nini.

La mwisho ndilo nililoliandikia makala hii. Ukimpa mtu wa nyumba yako mzizi wowote, weka kipande kimoja kando, usikichemshe. Kifunge ndani ya karatasi, na juu ya karatasi andika mambo matatu: jina na aliyekupa, kiasi ulichotoa, na saa. Ukilazimika kwenda kituoni, nenda na karatasi hiyo mkononi.

Najua kinachotuzuia. Ni aibu. Tunaogopa kuambiwa sisi ni washamba, kwa hiyo tunaficha. Siku ile mimi pia nilianza kwa kusema, “Sijampa kitu.” Nilisema uongo mbele ya muuguzi, mtoto akiwa amelegea mikononi mwangu, kwa sababu tu mimi ni mwalimu. Ilinichukua dakika kadhaa kusema kweli. Mtoto mwingine angeweza kukosa dakika hizo.

Mavyala wangu hajui kuandika. Lakini juma lililopita nilimkuta na mjukuu wake mkubwa, amemketisha kando ya jiko. Mtoto alikuwa na kalamu, nyanya alikuwa na mizizi mapajani. Alikuwa akishika mmoja mmoja na kusema jina, ni wa nani, si wa nani, na kidole kinafika wapi. Daftari limefika ukurasa wa nne.

Kikao kijacho, kila mama aje na mzizi mmoja anaoujua kweli, pamoja na kipimo chake. Na asiyejua aje na swali. Kuuliza si ujinga.